Kivuli cha Mkorosho wa Hassani

Helder aliendesha bodaboda miaka saba, mpaka siku lori lilipomfundisha kushuka. Lori lenyewe halikusimama. Yeye alilala wodini mpaka akajua majina ya watoto wa manesi wote, na alipotoka mguu wa kulia ulikuwa umepungua kwa upana wa kidole. Siku hiyo hiyo akala kiapo kwenye kijiwe cha Ufukoni, mbele ya watu wasiopungua ishirini, kwamba yeye na injini basi. Watu wakacheka. Ukila kiapo mbele ya watu ishirini pale Ufukoni, jioni mtaa mzima umekisikia, na kila mmoja ana lake la kuongezea.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichowapa watu maneno ya kutosha. Alinunua baiskeli za gia, mitumba ya Ulaya, akaziba viraka, akabadilisha minyororo, akachukua ubao akaandika kwa rangi ya kijani: SAFARI ZA BAISKELI, HAKUNA GARI NJIA NZIMA. Kazi ikawa kuwachukua wageni kutoka Mpapura, kuwapitisha chini ya mikorosho kwa vijia vya shamba, mpaka kwa shangazi yake Odete upande wa bonde la Ruvuma. Huko wanaona mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanavyokamuliwa, wanakunywa uraka, pombe yake, wanalala, kesho yake wanarudi kwa njia ile ile.

"Yaani mtu apande ndege tatu," alisema Sudi, "afike hapa akanyage baiskeli, kisa uraka?"

Sudi alikuwa dereva wa bajaji na mtani wa Helder tangu walipokuwa wanaogelea uchi.

"Ndiyo maana yake."

"Uraka huu huu ambao mimi nikirudi nao mdomoni mke wangu ananifungia nje?"

"Wewe unafungiwa kwa mengine, mtani. Uraka unasingiziwa tu."

Tena Sudi alikuwa na moja alilopenda kulirudia kila alipopata wasikilizaji: kwamba safari isiyo na injini ilianzia kwenye injini yake, maana wageni wa Helder aliwafikisha Mpapura yeye na bajaji yake. Helder alimjibu kwamba safari inahesabiwa kuanzia tairi linapokanyaga mchanga. Watu wa kijiwe waligawanyika kwenye hilo, na mpaka leo hawajaafikiana.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, na hata waliomcheka walikubali. Tatizo lilikuwa katikati. Kulikuwa na kipande kilichopita ndani ya mashamba mawili, moja baada ya jingine, na kipande hicho kikifungwa hakuna pengine pa kupita baiskeli ila barabara kubwa, kilomita sita za malori ya saruji na malori ya korosho. Shamba la juu lilikuwa la Bi Zuhura, mjane. La chini lilikuwa la Hassani, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wawili hawa walikuwa wanasalimiana Idi na msibani tu.

Bi Zuhura alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache. Kila msimu aliwaruhusu wanawake wa Odete waingie shambani kuokota mabibo. Waliokota, wakanyonga korosho zikatoka, wakaziacha chini ya mti, wakaondoka na matunda kwenye ndoo. Watu walipomuuliza iweje mama wa dini atoe matunda ya pombe, alikuwa na jibu lake.

"Mimi nawapa matunda. Wakienda kuyafanya dawa ya kikohozi, wakienda kuyafanya jingine, mimi sikuwepo."

Helder alipokwenda kuomba njia, alipiga hodi, akaamkia, akakaa mkekani, akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Bi Zuhura alimsikiliza huku anachambua mchele.

"Pita," alisema. "Lakini pita kwenye njia. Chini ya mti nilipofagia usipakanyage mpaka mimi mwenyewe niwe nimepita asubuhi. Mgeni wako akitamani bibo, ale. Korosho yake ibaki chini ya mti wake. Umenisikia, mwanangu? Mti wake."

"Nimesikia, mama."

Hilo lilikuwa jambo la kila mtu kule. Mpita njia haulizwi kwa bibo alilokula, anaulizwa korosho. Na korosho ikishakutwa chini ya mti, ni ya mwenye mti, hakuna anayehoji iliangukaje. Helder alijua hivyo tangu hajaota meno ya pili. Kwa Hassani aliomba pia, na Hassani, ambaye alipenda kuombwa, alimruhusu papo hapo.

Mwezi wa kumi akaja Solanji.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mwembamba, Mfaransa, mkulima wa zabibu na mtengenezaji wa mvinyo. Ujanani alifundisha shule Bukavu, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, chenye lafudhi ya huko. Kwao, alisema, kuna njia inayofuata mfereji wa zamani, inakatiza mashamba ya mizabibu kijiji hadi kijiji, na gari haliruhusiwi kukanyaga. Unaendesha, unashuka, unaonja, unaendelea. Yeye na wenzake wa chama chao cha baiskeli walikuwa wameizoea njia hiyo mpaka wanajua mbwa wa kila nyumba. Sasa walitaka nyingine.

"Tuko watu kumi na wanne," alimwambia Helder jioni ya kwanza. "Mwezi wa kumi na moja, na kila mwaka baada ya huo. Lakini gari, hapana. Wenzetu wawili waligongwa. Mimi nimekuja kuona kwa macho. Nikikuta gari moja, naandika gari moja, na hatuji."

Helder alitazama mguu wake wa kulia, akasema amemwelewa.

Basi Jumamosi wakaondoka Mpapura jua likiwa bado la upole. Solanji alitangulia akasubiri, akatangulia akasubiri. Kwa miaka yake alikuwa na miguu ya chuma. Njiani Helder alimweleza kila kitu. Alimweleza kwa nini chini ya mikorosho pamefagiwa kama ua wa nyumba: ili korosho ikianguka ionekane, na mguu wa mwizi ukikanyaga usomeke. Alimweleza habari ya bibo na korosho yake. Maelezo hayo aliyapenda sana, alikuwa anayasindikiza kwa mkono, na safari hii aliyarefusha.

"Kwa hiyo korosho inabaki chini ya mti wake," alisema Solanji.

"Wake mwenyewe. Hapa mtoto wa miaka mitatu anajua hilo."

Walifika shamba la Bi Zuhura na kukuta alama za kandambili zake mchangani; alikuwa amekwisha kupita. Chini ya mikorosho mitatu ya mwisho, ile inayopakana na shamba la Hassani, mabibo yalikuwa yamelala mengi, mekundu na ya manjano, harufu yake inaingia mpaka kooni. Na Helder akapata wazo. Kwa nini mgeni asikamue uraka wa mabibo aliyookota mwenyewe? Akalaza baiskeli, akafungua mfuko wa keria, wakaanza kuokota. Solanji alifurahi kama mtoto wa shule. Alikula, juisi ikamchuruzika mpaka kiwikoni, akacheka alipoona ulimi umekauka kwa ukakasi.

Lakini jua lilikuwa limepanda, na ile mitatu ilikuwa miti ya majani machache. Hatua chache mbele, upande wa pili wa mpaka, ulisimama mkorosho mkubwa wa Hassani, matawi yameinama mpaka chini, ndani yake baridi kama sebule. Helder akamkaribisha Solanji humo. Walikaa, wakanyonga korosho moja moja, mabibo yakaingia mfukoni na korosho zikafanya fungu zuri penye shina.

Solanji alitazama fungu, akatazama miti walikotoka.

"Si umesema chini ya mti wake?"

"Yote mamoja," alisema Helder, akipanda baiskeli. "Ni shamba la ndugu hawa."

Wakashuka bondeni.

Kwa Odete waliwakuta wanawake wanne wakitwanga mabibo kwenye kinu, juisi inachujwa kwa kitambaa, uraka wa jana unachemka wenyewe kwenye mapipa bila moto. Odete alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Babu yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na mke mmoja na jembe moja, na yeye alikuwa na nyumba isiyokosa watu kumi na watano mchana. Alimmiminia Solanji kikombe. Solanji akanusa, akauzungusha mdomoni. Wanawake wote wakaacha kutwanga.

"Una siku ngapi huu?" aliuliza.

"Jana na leo."

"Wa kwetu tunauweka miaka."

"Miaka!" Odete alipiga makofi. "Na wanaume wa kwenu wanasubiri? Jamani, hao ni wanaume au magogo?"

Wakacheka mpaka kinu kikayumba. Helder akamwaga mabibo yake kwa majivuno, akasema mgeni kayaokota kwa mkono wake kwa Bi Zuhura, kwenye ile mitatu ya mpakani.

"Na korosho?" aliuliza Odete.

"Tumeziacha pale pale."

"Pale pale wapi?"

"Chini ya ule mkubwa."

Odete aliweka jagi chini. "Ule wenye tawi lililoinama? Helder. Ule ni wa Hassani."

"Najua ni wa Hassani."

"Na ile mitatu Hassani anaidai tangu kaka yake alipofukiwa. Anasema aliachiwa kwa mdomo. Zuhura anasema hakuna. Kesi iko kwa mwenyekiti mwaka wa pili, hakuna shahidi asiye ndugu yao. Na wewe, usiye ndugu wa yeyote, umeokota kwenye ile mitatu ukaenda kuweka kwa Hassani?"

 Habari za kesi hiyo Helder alikuwa amezisikia kijiweni, kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Hakuwahi kudhani kwamba njia yake imo ndani ya kesi hiyo.

Simu ya Odete iliita kabla chakula hakijaiva. Ilikuwa ya Bi Zuhura, na hakupaza sauti. Alisema tu kwamba njia ameifunga, na Helder aambiwe. Hassani alikuwa amekuta lile fungu, akaita majirani wawili waje washuhudie, akasema tazameni, hata mtu wa baiskeli anajua miti hii ni ya nani. Kisha akazizoa korosho akaenda nazo.

Dakika tano baadaye ikaita ya Helder. Alikuwa Sudi, yuko mjini, lakini alikuwa na habari zote na nyingine ambazo hazijatokea.

"Mtani, nasikia umegawa urithi wa watu."

"Sudi, siyo leo."

"Mimi nasaidia tu. Kesho asubuhi naja kusimama barabarani na bajaji. Baiskeli tunaziweka juu, kilomita sita, mnateremka, mnaendelea. Mzungu mwambie ni daraja limekatika."

"Hakuna daraja hapo."

"Anajua yeye kama hakuna?"

Helder alikata simu, akamweleza Solanji kama ilivyokuwa. Alijua kwamba angesikia tu, nyumba ya Odete haikuwa na ukuta unaofika juu. Solanji alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu kuna mstari mmoja wa mizabibu," alisema, "familia mbili hazisalimiani mwaka wa arobaini. Nataka kuona."

Saa tisa alasiri walipanda tena. Kabla ya kufika mpakani walimkuta Hassani amesimama njiani, kofia imenyooka, anatabasamu. Alimsalimia Solanji kwa adabu, akamvuta Helder pembeni kwa kiwiko.

"Kijana wangu, umefanya kazi ambayo mimi nimeshindwa miaka miwili."

"Mzee, mimi sikukusudia."

"Sikiliza. Mwenyekiti yuko pale anakusubiri. Atakuuliza swali moja. Wewe sema uliweka pale kwa sababu ulijua. Basi, neno moja. Ile mitatu ikiwa yangu, toka chini yake nitakukatia kijia kingine mpaka njia ya kijiji, kwa hiyo njia yote inakuwa ya kwangu juu mpaka chini. Nani atakufungia? Lete watu kumi na wanne. Lete mia. Hata maji ya kunywa nitawawekea."

"Na nikisema vingine?"

"Ukisema vingine, Zuhura atakufungulia juu, mimi nitakufungia chini. Utaruka?"

Akamwachia kiwiko, akatangulia.

Pale mpakani palikuwa na watu kama kumi na wawili, idadi ndogo kwa Mpapura kwa jambo la namna hiyo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameletewa kiti cha plastiki. Bi Zuhura alisimama kando, amejifunga kanga kiunoni, na ufagio wake ulikuwa umelazwa chini. Hakuwa amefagia. Alikuwa ametandaza makuti juu ya mchanga, kuanzia ile mitatu mpaka shina la mkorosho wa Hassani, na watu walipofika aliyainua moja baada ya jingine.

Chini yake alama zilikuwa mbichi. Tairi mbili za vipele, za Helder na za mgeni. Viatu vya mgeni, vyenye nyota kwenye soli. Na mguu wa Helder: wa kushoto umekanyaga sawasawa, wa kulia umeburuza ncha kidogo kila hatua, kutoka mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka kwa Hassani. Helder hakuwahi kuuona mwendo wake mwenyewe kwa namna ile. Ulikuwa kama mwandiko.

"Sina ninalouliza kuhusu alikotoka," alisema Bi Zuhura. "Alikotoka panaonekana. Aulizwe kwa nini alikwenda pale."

Mwenyekiti alikohoa. "Helder. Korosho za miti hii mitatu uliziweka chini ya mti wa Hassani. Kwa nini?"

 Kwa mbali lori lilibadilisha gia kwenye barabara kubwa, na Helder akalisikia. Alikuwa amekwisha kuliandaa lile neno moja. Lilikuwa fupi, na lilikuwa mdomoni. Akayatazama tena yale mapito ya mguu wake mchangani.

"Kivuli," alisema.

"Nini?"

"Kulikuwa na jua. Mti wa mzee Hassani una kivuli, hii mitatu haina. Nilimpeleka mgeni akae kivulini, tukanyongea korosho hapo, tukaziacha hapo."

Mtu mmoja nyuma aliachia kicheko, wengine wakamfuata. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mnasikia hilo? Mchana kutwa anawafundisha wazungu mila, kumbe mwenyewe anafuata kivuli!"

"Hukujua kwamba haifai?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilijua. Hata mgeni aliniuliza, nikamjibu yote mamoja. Miti ni ya nani mimi sijui na sikujua. Nilichokuwa natafuta ni pa kukaa."

Mwenyekiti akamgeukia Solanji, akamuuliza kama ni kweli. Solanji akasema ni kweli, alimuuliza, na alijibiwa hivyo hivyo. Alisema bila kumtazama Helder.

Kesi ya mitatu haikuisha siku hiyo. Mwenyekiti alisema tu kwamba fungu lile si ushahidi wa kitu chochote ila uvivu, na korosho zirudi zilikotoka. Hassani alikwenda kuleta ndoo. Akaimimina chini ya mti wa Bi Zuhura, yote kwa mkupuo, korosho moja ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Helder. Hakuna aliyeiokota.

"Juu pako wazi," Bi Zuhura alimwambia Helder.  Akachukua ufagio wake akaanza kufagia, na alama za mguu zikaondoka.

"Na chini pamefungwa," alisema Hassani.

Pakafungwa kweli. Jioni hiyo Hassani aliwaacha washuke wakalale kwa Odete, lakini asubuhi yake walikuta matawi ya miiba yamelazwa toka ukingo hadi ukingo, na nyuma ya miiba Hassani mwenyewe juu ya kigoda, redio mapajani, anasikiliza taarifa ya habari. Helder aliamkia. Hassani akaitikia marahaba, maana salamu ni salamu, na akaongeza sauti ya redio.

Ikabidi kushuka mpaka kwenye majaruba ya mpunga, ambayo mwezi huo yalikuwa makavu na yamepasuka, kisha kukata mkondo wa matope uliozunguka shamba la Hassani. Baiskeli haikwenda humo hata kwa kusukumwa. Odete alikuwa amewasindikiza akidai anakwenda kumwona mgonjwa. Alipoona Solanji anahangaika na usukani, alisonya, akaichukua baiskeli ile, akaipandisha kichwani kama mzigo wa kuni, akaingia kwenye tope mpaka magotini huku akiendelea na umbea wa shemeji wa mtu fulani. Helder alibeba yake begani. Mguu mfupi ulizama zaidi ya mwingine. Aliteleza mara mbili. Mara ya pili alikaa humo humo kwanza, akapumzika.

Walipotoka upande wa pili walikuwa karibu sana na barabara kubwa. Waliona vumbi lake. Na pale kwenye maungio, chini ya mwembe mdogo, ilisimama bajaji ya bluu.

"Mtani!" Sudi alipiga kelele. "Nimekuja kusalimia tu!"

"Salama!"

"Mbona mmefanana na kambare? Njooni, kilomita sita! Huyo mama nimfunge kitambaa machoni, hataona gari hata moja!"

Helder alimtazama Solanji. Alikuwa na matope mpaka kwenye miwani, na mkono mmoja umechubuka. Aliitazama bajaji muda mrefu kuliko Helder alivyopenda.

"Mwambie aksanti," alisema.

Wakaingia kijia cha juu, kuelekea kwa Bi Zuhura.

Solanji aliondoka Jumanne, na hakuahidi kitu. Kijiweni watu walikwisha kuifunga biashara ya Helder wiki ile ile. Kulikuwa na aliyesikia anauza baiskeli, na kulikuwa na aliyemwona, kwa macho yake, anaulizia bei ya pikipiki. Sudi peke yake ndiye aliyekataa, akisema kama Helder angerudi kwenye injini yeye ndiye angekuwa wa kwanza kualikwa kucheka.

Baada ya majuma mawili ujumbe wa Solanji ukaingia. Helder aliusoma mwenyewe kwanza, kisha akausoma kwa sauti, maana pale kijiweni asingeachwa.

"Gari: hakuna. Pikipiki: hakuna. Kuna mahali pa kubeba baiskeli mwendo wa saa moja na nusu, matope, na mwenye moyo mbovu asije. Uraka ni mchanga lakini una akili. Kiongozi alikosea mbele yangu na akasema amekosea. Nimeandika yote. Watano wamejitoa kwa sababu ya matope. Tunakuja tisa."

"Tisa kati ya kumi na wanne," alisema mmoja.

"Ungesema neno moja tu kwa Hassani," alisema mwingine, "wangekuja kumi na wanne wakavu."

"Ningesema," alijibu Helder, akairudisha simu mfukoni, akaendelea kukaza spoku.

Walikuja katikati ya mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa zinaanguka zaidi. Asubuhi ya kwanza, walipofika shamba la Bi Zuhura, Helder alisimama ghafla, na wageni nyuma yake wakagongana. Kando ya kijia, chini ya mikorosho mwanzo hadi mwisho, palikuwa pamefagiwa ukanda mwembamba uliotengwa na mchanga mwingine kwa mstari wa majani makavu. Upana wake ulitosha baiskeli moja. Mbili zisingepita sambamba. Bi Zuhura mwenyewe hakuonekana. Helder alishuka, akaingiza tairi ndani ya ukanda ule, akasukuma taratibu, na wengine wakafuata mmoja mmoja nyuma yake bila kuambiwa.

Kwenye mti wa pili wa ile mitatu, mwanamume mmoja mfupi mwenye ndevu aliomba bibo, akala, akabaki na korosho mkononi. Alitazama huku na huku, akaanza kwenda kwenye mkorosho mkubwa, ule wenye baridi chini yake.

Helder alimshika mkono, akamrudisha.

"Hapa," alisema. "Chini ya huu huu."

Yule bwana akainama akaiweka. Wakasimama pale wote tisa na Helder juani, wakila mabibo, mti ule hauna kivuli cha maana, na chini kule redio ya Hassani inasikika.